Pale Mfasiri Anaponyamaza

Upepo ulikuwa wa kusi usiku ule, na shuka tuliyoitundika baina ya minazi miwili ilivimba kama tanga. Vijana wakafunga mawe kwenye ncha zake za chini, wakalaza na upondo juu ya upindo, ndipo ikatulia. Kaskazini yetu, ukishakipita kijiji cha Bweni, umesimama mnara wa taa wa Ras Mkumbi, uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892 kwenye ncha ya mwisho ya kisiwa cha Mafia. Mbele yetu, juu ya shuka, ulikuwa ukipita mto Kongo.

Nilikuwa nimekwenda ukweni, Bweni, kwa siku kumi. Kutoka mji wa Kilindoni mpaka huko ni karibu kilomita 50, na katika mkoba niliokuwa nimeupakata juu ya bodaboda mlikuwa na kompyuta, projekta ndogo na filamu nilizokuwa nimezitazama peke yangu Dar es Salaam katika miaka hii ya karibuni. Mimi ni mtazamaji tu, sijawahi kushika kamera kwa kazi. Ila naamini kwamba kazi ya fundi hupimika vizuri ikitazamwa mara ya pili, mbele ya watu wasio na haja ya kumsifu. Ndiyo maana nilizibeba.

Ya kwanza ilikuwa ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliyeitoa mwaka 2020 kwa jina la Kifaransa, En route pour le milliard, yaani njiani kuiendea bilioni. Inawafuata watu wa Kisangani waliopoteza miguu na mikono katika vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua kwamba Uganda iilipe Kongo fidia. Miaka ikapita, waliokatika viungo hawakuona kitu. Ndipo baadhi yao wakaamua kupanda boti na kushuka mto kilomita 1,700 mpaka Kinshasa, wakadai wenyewe mlangoni mwa wakubwa. Hamadi akapanda nao, kamera mkononi mwake.

Lugha za filamu ile ni Kilingala na Kiswahili cha kwao, na maandishi ya chini katika nakala yangu ni ya Kiingereza. Kiswahili cha Kisangani watu wa Bweni walikishika upesi kuliko nilivyotazamia. Waliposikia “batu” mara ya kwanza waliangaliana. Mara ya tatu mtoto mmoja alikuwa ameshawaeleza wenzake kuwa ni “watu”. Yaliyobaki yakawa kazi yangu. Nikakaa kitako kando ya shuka, nikawa natafsiri kwa sauti, sentensi kwa sentensi, nikikazana nisiachwe nyuma.

Ikafika mvua. Boti imesheheni watu na mizigo, paa ni maturubali tu, na mvua ya mto Kongo haina huruma. Watu wanashikilia maturubali kwa mikono, na wasio na mikono miwili wanashikilia kwa mmoja. Miguu ya bandia iko pembeni. Hakuna anayeeleza jambo, wala muziki haukutiwa kutuambia tuhuzunike. Kamera imekaa mle mle ndani ya unyevu, haitoki nje kutuonyesha boti kwa mbali. Nami nikanyamaza, maana hapakuwa na la kutafsiri.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani, karibu yangu, akauliza: “Mwanangu, mbona umenyamaza? Wamesemaje?”

“Hawajasema kitu, bibi.”

“Basi nyamaza hivyo hivyo, tuwaone.”

Tangu usiku ule nina kipimo kipya cha filamu, nacho nimepewa na bibi yule. Nikitazama filamu yoyote najiuliza: mfasiri angenyamaza wapi?

Sisemi hivi kwa kuidharau kazi ya kutafsiri filamu. Ni ufundi mkubwa, na nilipoushika kwa usiku mmoja ndipo nilipojua uzito wake. Dar es Salaam tulikuwa na Derek Gasper Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye alichukua filamu za Marekani, za Kihindi na za Kichina akazisimulia zote kwa sauti yake peke yake. Alikuwa jambazi, akawa mama wa jambazi, akawa polisi anayewafukuza wote wawili. Hakufasiri neno kwa neno. Alikuwa anatuhamishia jambo zima, akitueleza huyu ana hasira gani na yule anaficha nini, kwa Kiswahili cha mtaani ambacho kila aliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza alikielewa. Nyumbani kwetu tulitafuta sauti yake kwanza, filamu baadaye. Wakenya wana DJ Afro wao, nao humpenda vivyo hivyo.

Na Uganda kuna mtu aliyeichukua sauti hiyo ya mfasiri akaifanya kiungo cha filamu yenyewe. Isaac Nabwana ni mfyatua matofali wa zamani wa Wakaliga, Kampala, aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza kompyuta na kuhariri picha. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyogharimu, kwa maelezo yake mwenyewe, chini ya dola 200. Bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu, helikopta zimechorwa kwenye kompyuta, waigizaji ni majirani. Juu ya yote hayo inakwenda sauti ya VJ Emmie, mfasiri wa vibanda vya video, akishangilia, akionya, akitaja watu kwa majina. Nakala ya awali isiyo na sauti yake haipo tena. Nabwana aliifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta ya kutengenezea filamu iliyofuata. Kwa hiyo leo huwezi kumwona Kapteni Alex bila kumsikia Emmie. Vijana wa Bweni waliipenda mno, wakataka irudiwe, nikairudia. Nami ninaiheshimu, maana kila fremu yake inaonyesha mtu aliyekuwa na hamu kubwa kuliko vifaa vyake. Lakini ni filamu isiyo na pumzi. Haimwachi mfasiri anyamaze hata nukta moja, na haikukusudia.

Ya Hamadi imekusudia. Na kama kuna jambo ninalotaka kulieleza kwa utaratibu, ni jinsi anavyolifanya.

Kwanza, yeye ndiye mpiga picha. Mtu anayeshika kamera mwenyewe, bila kundi la watu nyuma yake, anaweza kukaa mahali mpaka wenyeji wakamzoea. Katika filamu yake ya mwaka 2017, Maman Colonelle, alimfuata Kanali Honorine Munyole, askari polisi wa kulinda wanawake na watoto, alipohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Utaona namna watu wanavyoingia ofisini mwa kanali yule, wanakaa, wanasema mambo mazito ya maisha yao, na hakuna anayetupia jicho kamera. Hilo halipatikani kwa siku mbili, na fedha peke yake haiwezi kulinunua. Ni kama mvuvi wa mshipi: samaki hawamjii aliyetia chombo sasa hivi.

Pili, hajifanyi kwamba kukaa na kutazama kunatosha. Katikati ya safari ya mto anatuletea jukwaa. Watu wale wale wa botini wanasimama mbele ya hadhira na magongo yao, wanaigiza na kuimba yaliyowapata. Mara ya kwanza nilipoitazama Dar es Salaam sikuipenda sehemu hiyo. Niliona inakatiza safari. Bweni nilibadili mawazo. Bibi yule aliielewa moja kwa moja. Akasema hao wanalitoa kwa ngoma, maana jambo la namna ile halisemeki kwa kukaa. Ni kweli. Jukwaani wanasema kwa sauti kubwa, wakitazama watu usoni, botini wananyamaza. Ukimya wa botini unapata nguvu kwa sababu tumeshawasikia jukwaani, na tunajua si watu wasio na la kusema. Mpangilio ule ulifikiriwa sana, nami niliukosa mara ya kwanza kwa haraka yangu.

Wanapofika Kinshasa ni wakati wa uchaguzi wa mwaka 2018. Wanakwenda Bungeni, walinzi wanawazuia getini. Wanakaa pale pale. Nilitazama nyuso za watu wa Bweni wakati huo, nikaona hazikuwa na mshangao wowote.

Asubuhi yake nilikaa barazani na mama mkwe wangu na jirani zake, wakisuka ukili. Bweni ni kijiji cha mikeka, na anayeujua mkeka wa Mafia hatauchanganya na wa kwingine. Ukindu unakatwa, unaanikwa, unatiwa rangi, unachanwa nyuzi nyembamba, kisha unasukwa ukanda mrefu mwembamba uitwao ukili, pima baada ya pima, wiki baada ya wiki. Mwisho kabisa ndipo kanda zinaposhonwa pamoja, ubavu kwa ubavu, ukawa mkeka. Nilimwuliza mama mkwe inakuwaje mshono wake hauonekani, na wa mtu mwingine unaonekana. Akajibu bila kuinua macho: “Mshono ukionekana, kosa halikuwa kwenye kushona. Ukili ulisukwa huku mpana, huku mwembamba.”

Nikakumbuka Softie ya Sam Soko. Filamu hiyo ya Kenya ilishinda tuzo maalumu ya majaji kwa uhariri katika tamasha la Sundance mwaka 2020, na watu wakasifu mikato yake. Nadhani mama mkwe angesifu ukili. Soko alianza akikusudia filamu fupi juu ya mwanaharakati Boniface Mwangi, akaishia kukaa naye miaka, mpaka Mwangi alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Mitaa ya Nairobi, mabomu ya machozi, mikutano ya kampeni. Halafu nyumbani, kwa mkewe Njeri na watoto watatu, ambao vitisho viliwalazimu kwenda kukaa Marekani. Kila mara filamu inapotoka barabarani kurudi nyumbani huoni mshono, kwa sababu kote kuwili Soko alisuka kwa upana ule ule. Hakumpa Njeri dakika za kujazia. Mwishowe unabaki unajiuliza ni nani hasa aliyelipa gharama ya siasa ile, na filamu haikujibu kwa maneno. Inakuonyesha Njeri akimsikiliza mumewe.

Usiku wa tatu tulitazama The Letter ya Maia Lekow na Chris King, iliyotoka mwaka 2019. Hapa sikuwa na kazi kubwa, maana ni ya pwani, upande wa Kilifi. Kijana anaishi Mombasa, anapata habari kwamba bibi yake, ajuza wa miaka zaidi ya 90, anatuhumiwa uchawi na baadhi ya jamaa wa ukoo wake. Anarudi nyumbani kuuliza. Nyuma ya tuhuma hiyo kuna ardhi. Wengine wangeitengeneza kama kesi: huyu mshitaki, huyu mshitakiwa, huyu mtaalamu anayeeleza. Lekow na King hawakumleta mtaalamu. Wanakaa na bibi yule, tunaujua mwendo wake, shamba lake, sauti yake, hata tuhuma inapotajwa tena inakuwa imekosa mahali pa kukaa. Pale mkekani watu wazima walinyamaza kabisa. Watoto walifukuzwa kwenda kulala kabla haijaisha, na baada ya kuisha hakuna aliyeizungumzia mpaka asubuhi, kisimani, tena kwa sauti ya chini. Sijapata kuona sifa kubwa kuliko hiyo kwa filamu.

Sina budi kutaja na zile zisizonipendeza, ingawa sitazitaja kwa majina. Kila msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Machi, kamera zinafika Kilindoni kwa wingi. Papa yule mkubwa mpole anapigwa picha chini ya maji, juu ya maji, na kwa kamera zinazoruka. Picha ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini muziki hauachi, sauti ya msimulizi haiachi, na mvuvi wa Mafia anaonekana kwa sekunde tatu akivuta kamba, bila jina, bila neno. Papa potwe huogelea polepole kabisa. Filamu zinazomhusu ndizo zenye haraka kuliko zote.

Kaskazini hii ya Mafia ilipata kufikiwa na kamera zamani. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alikuja kutoka Uingereza mwaka 1965 akakaa katika kijiji ambacho vitabuni alikiita Minazini, na mwaka 1976 akarudi na watu wa BBC kupiga picha za mfululizo wa Face Values, uliorushwa mwaka 1978. Watu wa filamu waliondoka. Yeye aliendelea kurudi miaka ya themanini, ya tisini na hata ya elfu mbili, na kitabu chake cha mwaka 1997, African Voices, African Lives, kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maneno ya mwenyeji mmoja, pamoja na shajara aliyoiandika mwenyeji yule kwa mkono wake. Namtaja kwa sababu kazi yake inaonyesha muda ambao mahali hapa panadai. Filamu ya kweli juu ya Bweni itadai muda kama huo, na itafaa ishikwe na mtu wa hapa.

Filamu niliyoipeleka kwa wasiwasi mkubwa ilikuwa The Empty Grave, ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani na Cece Mlay wa Tanzania. Inafuata familia mbili za Kitanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni wa Kijerumani: mwanasheria John Mbano na mkewe Cesilia Mollel wa Songea, na familia ya Kaaya kutoka Meru. Nduna Songea Mbano alinyongwa Februari 1906, wakati wa vita vya Majimaji, na familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Filamu inakwenda nao kutoka Songea mpaka Ujerumani. Waongozaji wawili, mmoja kutoka kila upande, waliamua kutoharakisha hasira. Wanatuacha tukae na John na Cesilia wakati wanasubiri, nami naona kusubiri huko ndiko kunakosema zaidi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba radhi mbele ya kizazi cha nduna yule.

Niliona wasiwasi kwa sababu ya mnara. Mafia iliingia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1890, na Waingereza wakaichukua Januari 1915. Mnara ule uko pale tangu wakati wa Wajerumani, watoto wa Bweni wanacheza chini yake, wavuvi wanaupimia njia. Nilidhani filamu itawafanya wautazame kwa jicho jingine, na sikujua kama ninayo haki ya kuwaletea jicho hilo. Asubuhi nilikwenda huko na shemeji yangu. Tukakaa kwenye mawe ya matumbawe, maji yakipiga chini, muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kama wale watu wa Songea wamekipata kichwa cha mzee wao. Nikamjibu kwamba filamu inapokwisha bado hawajakipata. Akatikisa kichwa, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Usiku wa mwisho bibi yule akaomba irudiwe ile ya mto. Si vijana walioomba, ni yeye. Safari hii nilitafsiri kwa uchache, maana wengi walishajua nani anasema nini. Mvua ilipofika hakuna aliyeniuliza. Upepo ulikuwa umetulia, shuka haikuhitaji mawe, na mbele yangu niliona vichwa vya watu wa Bweni vimepangana na vichwa vya watu wa Kisangani kama abiria wa chombo kimoja. Ilipokwisha bibi akataka kujua kama walilipwa. Nikamweleza ninayoyajua: Februari 2022 mahakama ile ya The Hague ilitaja kiasi, dola milioni 325 kwa Kongo nzima, na Septemba ya mwaka ule Uganda ikalipa fungu la kwanza la milioni 65 kwa serikali.

Nina neno moja kwa wenye filamu hizi. Watu mnaowapiga picha wanasema Kiswahili, cha Kisangani, cha Kilifi au cha Songea, lakini nakala zilizonifikia mimi zina maandishi ya Kiingereza au ya Kifaransa. Wekeni na ya Kiswahili, kwa herufi kubwa, zinazosomeka juu ya shuka hata kukiwa na upepo. Bweni wanaojua kusoma wako wengi, na walio tayari kuwasomea wazee wao wako wengi vilevile.